Mkwe Nisiyemjua Sura, Kule Kalambo

Jamani, kuna aibu za kusimulia na kuna aibu za kufa nazo, na hii yangu nilikuwa nimepanga kufa nayo kabisa, ila kwa kuwa mke wangu Editha, ambaye ni fundi cherehani, ameshaisimulia sokoni, kanisani na kwenye kila cherehani ya Milanzi, tena kila mara akiiongezea chumvi, naona heri niisimulie mwenyewe, angalau mjue kwamba bukta niliyokuwa nimevaa siku ile haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya bluu. (Nyekundu ameiongeza yeye, anasema inanoga zaidi.)

Mimi naitwa Deo, nakaa Chanji hapa hapa Sumbawanga, na kazi yangu ni kutembeza wageni. Nawapeleka msitu wa Mbizi, nawapeleka Ziwa Rukwa, na wenye nafasi nashuka nao mpaka Kasanga wakale migebuka wa kukaanga huku wanaliangalia Ziwa Tanganyika, lakini kipenzi changu kuliko vyote ni maporomoko ya Kalambo, pale ambapo mto unajitupa genge zima mara moja na ng'ambo ya pili tayari ni Zambia. Leo hii kazi naijua vizuri. Wakati wa mkasa huu nilikuwa sijui kitu, ndiyo kwanza bosi alikuwa amenipa kundi langu la kwanza peke yangu, na alikuwa ameniambia wazi, "Deo, hawa wakirudi wananung'unika, wewe rudi ukalime mahindi."

Basi hilo lingetosha kumnyima mtu usingizi, lakini mimi nilikuwa na kubwa zaidi. Jumamosi ya wiki ile ile ukoo wa akina Editha ulikuwa ukutane kule kwao Mwazye kunipa jibu la mwisho la posa yangu. Baba yake hakuwa na neno, wajomba hawakuwa na neno, Editha mwenyewe ndiyo usiseme. Aliyekuwa na neno ni mama. Mama alishasema mbele ya watu kwamba kijana anayeshinda na watalii adabu itakuwa imemtoka zamani, "hao wa kamera shingoni hata kumpisha mkwe njiani hawajui," na mama yule akisema hapana hakuna mjomba wa kusema ndiyo. Na mimi Editha nilikuwa nampenda, sifichi, nilikuwa nampenda mpaka nikisikia cherehani ya mtu mwingine inalia mahali nageuka.

Sasa wewe usiye wa huku kwetu inabidi nikueleze, maana bila hili utaniona chizi tu. Kwa wale wanaoshika mila, mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humtazami usoni, humpi mkono, huli mbele yake, na mkikutana njiani wewe ndiye unayetoka njiani: unaingia majanini, unampa mgongo, unachuchumaa, unapiga makofi polepole ya heshima mpaka apite. Vijana wengi wa mjini wameshaacha, wanakaa na wakwe zao sebuleni wanaangalia mpira, lakini akina Editha hawajaacha, na mimi niliyekuwa natafuta jibu la Jumamosi ningeachaje? Kwa hiyo uchumba mzima, pamoja na kwenda kwao mara kadhaa, sura ya mkwe wangu nilikuwa siijui. Nilimjua kwa miguu (kwa kuwa muda wote nimeinama), nilimjua kwa mwavuli wake mweusi ambao haumtoki, liwe jua liwe wingu, na nilimjua kwa kitenge, kile cha kijani chenye maua ya njano ambacho Editha mwenyewe alikishona.

Shikeni hapo penye kitenge, tutarudi.

Wageni wangu walikuwa familia moja kutoka Dar es Salaam: Mzee Mbaruku, mwanajeshi mstaafu aliyenyooka kama bado yuko gwaride, mkewe Bi Salma, binti yao Zuhura, na mashoga wawili wa Zuhura waliokuwa wanatetemeka kwa baridi ya Sumbawanga tangu walipoamka. Tulisimama Matai kunywa chai, na pale ndipo nilipofanya lile kosa dogo lililozaa yote. Mzee alikuwa ananiangalia jicho la kuniuliza wewe kijana una uzoefu gani, nami nikaona nisimame nitoe neno zito la kitaalamu, nikasema, "Ndugu wageni, porini sheria ni moja. Nikifanya jambo lolote, nanyi lifanyeni hapo hapo. Maswali baadaye." Sijui nililitoa wapi. Kalambo pale kuna ngazi na vyuma vya kushikia, watoto wa shule wanapita wanaimba, mnyama wa kutisha ni kongoti, yale madege makubwa yenye vipara yanayotaga kwenye genge. Lakini Mzee Mbaruku alifurahi sana, akapiga kisigino na kuwageukia wenzake.

"Mmesikia amri?"

"Tumesikia," wakasema.

Hapo simu yangu ikalia, ni Editha, nikaikata ili nionekane mtu wa kazi. Akapiga tena, nikaikata tena.

Tukafika Kalambo salama, upepo unavuma, nyasi zimekauka vizuri zina rangi ya asali, maporomoko yanasikika kabla hujayaona. Nikaanza kuwashusha ngazi, mimi mbele, natoa maelezo, nawaonyesha Zambia, nawaonyesha kongoti, Zuhura anapiga picha, Bi Salma anasema "mashallah, mashallah," na mimi moyoni najiambia Deo umeiva, bosi ataona mwenyewe. Hata sehemu ya mteremko mkali hatujafika, nikainua macho kidogo kutazama chini ya ngazi.

Kitenge cha kijani, maua ya njano. Juu yake mwavuli mweusi. Kinapanda kuja kwangu.

Jamani, mwili wangu haukuniuliza. Kuna vitu mtu umefundishwa vinakaa kwenye magoti. Ngazi ni nyembamba, watu wawili wanapishana kwa kugusana mabega, na kugusana bega na mkwe siku chache kabla ya jibu ni bora ujitupe kwenye maporomoko mwenyewe. Kulia kwangu chini kuna mteremko wa kawaida tu, vichaka, hakuna genge. Nikaruka chuma. Nikaingia kichakani, nikampa mgongo, nikachuchumaa, nikaanza makofi: pa, pa, pa, polepole, kwa adabu zote nilizopewa na wazazi.

Halafu nikasikia nyuma yangu sauti ya jeshini ikinguruma, "Fuata kiongozi!"

Puu! Mzee huyo. Puu! Zuhura. Puu, puu, mashoga. Bi Salma, kwa uzito aliojaliwa na Mungu, alishushwa kwa kubebwa, huku anauliza "ni simba? ni simba?" na Mzee anamwambia maswali baadaye. Nikigeuza jicho kidogo naona wageni wangu wote watano wamechuchumaa mstari mmoja kichakani, wameipa ngazi mgongo, wanapiga makofi kama mimi. Pa, pa, pa. Mwanajeshi yule alikuwa anapiga kwa mpangilio kabisa.

Na huku ngazini, mwavuli umefika usawa wetu umesimama. Nikasikia sauti ya mama inauliza, "Jamani, hawa nao wanasali dini gani?"

Sauti siyo. Mkwe wangu ana sauti nene, hii ni nyembamba ya mtu wa kwaya. Nikathubutu kutazama chini ya kwapa langu, na nilichokiona kikanimaliza nguvu: nyuma ya kile kitenge kuna kitenge kingine cha kijani chenye maua ya njano, na nyuma yake kingine, na kingine, ngazi nzima ya kijani na njano inapanda inahema. Ilikuwa sare! Akina mama wa parokia ya Mwazye wote wamekuja matembezi, kitenge kilikuwa cha kikundi kizima, na mimi kwa akili yangu ya kuinama nilidhani duniani kuna kitenge kimoja tu na mwenyewe ni mkwe. (Ndilo jambo ambalo Editha alikuwa ananipigia simu kuniambia, kwamba mama yupo Kalambo leo, jiangalie.) Niliyemkimbia alikuwa mke wa katekista, ambaye wala hatuhusiani kwa lolote, kaazima mwavuli.

Ningetoka hapo nikacheka nao yangeisha. Lakini mkono ukaanza kuniwasha. Kisha shingo, kisha mgongo, halafu shoga mmoja wa Zuhura akatoa yowe. Nikaangalia juu ya kichwa changu nikaona yale maganda ya kahawia yenye vinywele yananing'inia kwa wingi, yamekauka barabara, na sisi tumeyapukutisha yote juu yetu kwa kuruka.

Upupu.

Sina haja ya kuwaeleza upupu. Aliyeuonja anaujua, na asiyeuonja asitamani. Mimi mtoto wa kulima nilitakiwa kukumbuka dawa yake, lakini kichwa kilishakimbia, nikapiga kelele "tokeni! tokeni!" (amri pekee ya maana niliyotoa siku ile), wakatoka wanajikuna, nami nikapanda mbio juu, nikapita getini, nikashika njia ya kijito kinachoingia mtoni huko juu mbali na maporomoko, nimeshavua jaketi, nimeshavua shati, na nilipoona kijito na kuona hakuna mtu nikavua na suruali. Nikabaki na bukta ya bluu ya timu ya shule, kuukuu, yenye kiraka makalioni. Nikajitupa majini. Maji ya huku kwetu Ufipa wakati wa kipupwe ni barafu, na upupu haukupoa hata kidogo, ndiyo kwanza ukachachamaa, nikawa najikuna nageuka huku na huku, nalia kabisa.

"Yesu, Maria na Yosefu!"

Sauti nene.

Chini ya mti, nyuma ya jiwe, alikuwa ameketi mama mwenye kitenge cha kijani na maua ya njano, masufuria ya chakula yamemzunguka, uso ameuziba kwa viganja. Miguu nikaitambua papo hapo, ningeweza kuitambua hata gizani. Goti lilikuwa linamsumbua, hakushuka ngazi na wenzake, akabaki kulinda chakula, na mwavuli akampa mke wa katekista. Mimi nimemkimbia mkwe kule alikokuwa hayupo, nimekuja kumvulia nguo alipo.

Pa kukimbilia hapakuwepo, maana nguo zangu zilikuwa upande wake. Nikafanya kitu pekee ambacho magoti yanakijua. Nikampa mgongo, nikachuchumaa majini, nikapiga makofi. (Ndiyo, nilimpa mgongo. Nimeshawaambia kiraka kilikuwa wapi.)

Nasikia maji tu na meno yangu. Nikawaza Editha, nikawaza Jumamosi, nikawaza mjomba akisimama na kusema kijana samahani sana, na nawaambia kweli, upupu na baridi vyote viliniishia kwa sababu kifua ndicho kilichokuwa kinauma. Nilijua nimemkosa. Halafu mkwe akakohoa, na kwa kuwa mila haimruhusu kusema na mimi moja kwa moja na mtu wa katikati hayupo, akageukia vyombo vyake.

"Wewe sufuria," akasema, "hebu mwambie huyo mtu aliyeko majini kwamba upupu hauoshwi kwa maji. Kwao hawakumfundisha?"

"Sufuria," nikasema, "mwambie mama walinifundisha. Nimesahau kwa woga."

"Sufuria, muulize, woga wa nini?"

"Sufuria, mwambie mama nilimwona mama katekista kwenye ngazi nikadhani ni yeye. Nikampisha. Nikaingia kwenye upupu."

Nikasikia kitu kama mtu anakohoa kwa muda mrefu mno, mabega yake sikuyaona lakini baadaye aliniambia yalikuwa yanatikisika. Kisha nikasikia mfuniko unafunguliwa, ugali wa ulezi unakatwa, na mkwe akaja mpaka ukingoni, akaweka donge zuri la ugali juu ya jiwe, akaondoka akijifunika uso kwa ncha ya kitenge.

"Sufuria, mwambie ajikandekande na huo ugali, uzoe vinywele vyote. Halafu avae." Akafunika sufuria. "Na mwambie hicho kiraka nakifahamu."

Hapo sasa. Bukta ile ilichanika, nikampa Editha aishone, naye kwa upendo wake akachukua kipande kilichobaki aliposhona sare ya mama yake, kijani na njano, akakipachika pale. Mimi niliona ni mapambo! Kumbe mama alikitafuta kipande kile nyumba nzima ili atengeneze kilemba, na akawa amemsingizia jirani.

Basi wageni wangu nao wakafika, wanalia wanajikuna, na akina mama wa parokia nyuma yao, na ugali wa ulezi uliopikwa kwa chakula cha mchana cha kikundi kizima ukageuka dawa. Mngeona! Mama katekista anamkandika Bi Salma mgongoni, Zuhura na mashoga wanakandwa shingo huku wanacheka na kulia, Mzee Mbaruku kakaa wima kwenye jiwe amepakwa ugali mpaka masikioni. Akaniangalia (nilikuwa nimeshavaa), akauliza kwa sauti ya chini ya askari kwa askari, "Kiongozi. Adui alikuwa nani?"

Nikafikiri nidanganye, nimwambie chui. Nikamwangalia yule mzee na ugali wake nikashindwa.

"Mkwe, mzee."

Mzee akatafakari. "Mkwe," akarudia, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa jambo la maana, na Bi Salma akasema, "Mbaruku, wewe ungekuwa unamkimbia mama yangu hivyo, tungeishi kwa raha," na hapo ndipo lilipolipuka cheko ambalo nina hakika Zambia walilisikia. Tulikula maharage na migebuka wakavu bila ugali, wote pamoja. Mimi nilikula changu nyuma ya gari, kwa sababu mkwe alikuwa pale na mila ni mila.

Wageni hawakunung'unika. Bosi aliniambia baadaye kwamba mzee yule alimpigia simu kusema hajawahi kuona kiongozi anayeaminika kwa watu wake kama mimi, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananisifu. Lakini bosi hakuwa shida yangu. Editha alinipigia siku iliyofuata akaniambia mama amerudi na hajasema neno lolote kuhusu Kalambo, anakaa tu jikoni, akiulizwa anaondoka. "Deo, umefanya nini?" akauliza. Nikamwambia uliza kiraka. Siku zilizobaki mpaka Jumamosi chakula nilikuwa nakitazama tu.

Jumamosi nikaenda Mwazye na mjomba wangu, nimevaa suruali mbili, moja juu ya nyingine (msicheke, nilishajifunza). Nikakaa nimeinama. Wazee wakasema maneno yao, yakafika kwa akina mama, na shangazi yake Editha akasimama kusema kwa niaba ya mama mkwe.

"Mama anasema hivi," shangazi akaanza. "Alikuwa na wasiwasi na kijana huyu kwamba hana adabu. Sasa anasema, kama kwa ajili ya mke wa katekista, mtu asiyemhusu, kijana aliruka kwenye upupu, je, kwa ajili ya mkwe mwenyewe ataruka wapi? Anasema mchukueni binti kabla huyu mtoto hajajiua kwa heshima."

Nyumba nzima ilicheka mpaka vigelegele vikachelewa. Mimi nililia, sioni haya kusema, nililia machozi yakadondoka kwenye viatu. Halafu shangazi akainua mkono, akasema mama ana neno moja zaidi: anataka kipande chake cha kitenge. Na kwa kuwa mambo ya kufichana yeye na mimi yalishaishia kijitoni, nimletee kitenge kizima na jogoo, wazee watuondolee ule mwiko, tuanze kutazamana na kuongea kama watu. Nikaleta. Akanipikia, tukala sahani moja, na siku hiyo ndipo nilipoiona sura ya mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Ni sura nzuri, ya mtu wa utani. Hasara yangu ya kuinama muda wote ule.

Sasa nimeapa. Mgeni simwambii tena afanye ninalolifanya, nawaambia kila mtu aangalie miguu yake. Simu ya Editha siikati hata nikiwa mbele ya rais. Na kabla sijamkimbia mtu nahakikisha kwanza ni yeye. Nikiwapitisha wageni pale ngazini wananiuliza mbona natabasamu, nawaonyesha kile kichaka, nawaambia kule ndiko nilikooa.

Na mkwe naye ana lake. Siku hizi nikienda Mwazye nikapiga hodi mlangoni kwake, hanikaribishi upesi. Nasikia kwanza goti lile bovu linaburuzwa taratibu mpaka nyuma ya mlango, linasimama, na sauti nene inauliza:

"Mkwe, umevaa?"